Reli ya chini ya bunduki ya upepo ya shabaha: Picatinny, Arca, M-LOK au UIT?

Reli ya nyongeza haiufanyi mtutu upige vizuri zaidi. Kazi yake ni kuunganisha bunduki na kitu kinachoibeba: baipodi (stendi ya miguu miwili), stendi ya miguu mitatu, kipande cha kuinulia mkono, au vizito vya kusawazisha. Kiungo hicho kikikaa sawa, hukisikii kabisa. Kikilegea, au kikivuta kishikio cha mbele upande mmoja, matundu yanatawanyika kwenye shabaha na lawama inaangukia peleti (risasi ndogo ya bunduki ya upepo), darubini au regyuleta (kifaa kinachosawazisha shinikizo la hewa), ambazo hazina kosa lolote.

Kwa hiyo swali la reli lina sehemu mbili: umbo la reli yenyewe, na namna inavyofungwa kwenye bunduki. Wanunuzi wengi humaliza nguvu zao kwenye la kwanza. La pili ndilo linaloleta hasara, na hapa tunalitengea nafasi kubwa kuliko kawaida.

Tunazungumzia reli ya chini ya kishikio cha mbele, hasa kwenye bunduki zinazojazwa hewa ya shinikizo kwenye silinda au chupa. Bunduki za springi zina mambo yake, yako mbele kidogo. Reli ya juu ya darubini ni suala jingine, ila imeguswa karibu na mwisho kwa sababu watu huinunua siku hiyo hiyo.

Jibu la haraka

Ukipiga kutoka kwenye stendi ya miguu mitatu, au unahamisha baipodi mbele na nyuma kila mara, chukua Arca. Ukiwa na baipodi moja inayokaa mahali pamoja mwaka mzima, kipande kifupi cha Picatinny kinatosha na hakuna sababu ya kubeba zaidi. Kama bunduki yako ilitoka kiwandani na matundu ya M-LOK, yatumie kama msingi wa kufungia kipande cha Arca au Picatinny, usitoboe kingine. Ukipiga umesimama mita 10 kwa kanuni za ISSF (shirikisho la kimataifa la ulengaji), UIT ndiyo reli yako na hizo nyingine hazina la kukuongezea.

| | Picatinny | Arca | M-LOK | UIT |
|---|---|---|---|---|
| Umbo | Reli yenye mifereji ya kukata | Mkia wa njiwa (kingo za mshazari) mpana, nyuzi 45 | Matundu marefu kwenye ukuta | Mfereji wa umbo la T |
| Kipimo kikuu | Upana mm 21.2, mfereji mm 5.23, hatua mm 10.01 | Upana karibu mm 38 | Tundu mm 32 × 7. Nafasi ya mm 8 katikati | Hutofautiana kidogo kwa mtengenezaji |
| Kusogeza kifaa | Kwa hatua za mm 10 | Popote | Kwa hatua za matundu | Popote |
| Kutoa na kurudisha | Haraka | Haraka zaidi | Polepole | Wastani |
| Kiwango rasmi | Kipo | Hakipo | Kipo, cha mwenye hakimiliki | Desturi ya michezo |
| Uzito wa ziada | Mdogo hadi wastani | Mkubwa | Mdogo kabisa | Mdogo |

Picatinny: inajulikana, na ndiyo salama ya kununua bila kuuliza

Jina limetoka kwenye ghala la silaha la Picatinny, New Jersey, na kiwango chake, MIL-STD-1913, ni cha mwaka 1995. NATO ilipitisha toleo lake la kimetriki, STANAG 4694, mwaka 2009. Tofauti kubwa ya toleo hilo ni kwamba kifaa hukaa kwenye uso wa juu wa reli badala ya kutegemea mashavu yake ya mshazari, na hilo hukifanya kirudi mahali pale pale kila kinapofungwa upya. Faida kwa mnunuzi ni moja: kiwango kimeandikwa, vipimo vinajulikana, na baipodi ya Picatinny kutoka kwa mtengenezaji mmoja itakaa kwenye reli ya mwingine.

Usiichanganye na Weaver, reli nyingine ya mifereji. Kwa macho zinafanana, lakini mfereji wa Weaver una upana wa mm 4.57 na nafasi kati ya mifereji haina kipimo kimoja. Kifaa cha Weaver kwa kawaida hukaa kwenye Picatinny. Kinyume chake hugoma, kwa sababu pini ya Picatinny yenye unene wa karibu mm 5 haiingii kwenye mfereji wa mm 4.57. Tangazo likisema "Weaver/Picatinny" bila kipimo, pima mfereji kwa vernia (kipimo cha taya cha sehemu za milimita) kabla ya kulipa, au muulize muuzaji namba hiyo moja.

Udhaifu wake kwenye bunduki ya upepo ni hatua za mm 10. Kwa baipodi hilo si tatizo. Kwa kusawazisha bunduki juu ya stendi, mm 10 ni nyingi: bunduki ya kilo 4 ikisogea mm 5 kutoka kwenye kitovu cha uzito wake huanza kulala mbele au nyuma ukiiachia, na mkono wako unalazimika kuishikilia wakati wote wa kulenga. Pia kingo zake ni kali. Ukishika mbele kwa mkono mtupu utahitaji vifuniko vya mpira, na vifuniko hivyo vinaongeza unene ambao hukuuhesabu.

Jambo moja dogo linalosahauliwa: unapofunga baipodi, isukume mbele mpaka pini yake iguse ukuta wa mfereji, ndipo ukaze. Ukiiacha katikati, itakuja kusogea yenyewe utakapoegemeza bega, na utapoteza risasi kadhaa ukitafuta sababu.

Arca: nzuri kuliko zote kwa stendi, lakini pima kwanza

Umbo hili limetoka kwa wapiga picha, waliohitaji kufunga na kufungua kamera kwenye stendi mara mia kwa siku. Ni mkia wa njiwa wenye upana wa karibu mm 38 na mashavu ya nyuzi 45. Kibano hushika popote kwenye urefu wake, na eneo la kugusana ni kubwa, kwa hiyo bunduki haitikisiki pembeni kama inavyofanya kwenye Picatinny nyembamba.

Tatizo ni kwamba hakuna kiwango rasmi kilichokubaliwa na wote. Watengenezaji hutofautiana kwa sehemu za kumi za milimita. Kibano cha skrubu hakijali, kwa sababu unakaza mpaka kishike. Kibano cha wenzo, kile unachofunga kwa kidole kimoja, kimewekwa kwa upana mmoja tu. Reli ikiwa nyembamba kwa mm 0.3, wenzo unafunga vizuri kabisa, unasikia mlio wake, na bunduki inateleza. Ukishika wenzo mkononi kila kitu kinaonekana sawa, na hapo ndipo hatari ilipo. Kama una kibano cha wenzo, nunua reli ya mtengenezaji yule yule, au chagua kibano chenye skrubu ya kurekebisha upana.

Mambo matatu ya kukagua kwenye reli ya Arca kabla ya kuinunua:

- Skrubu za kuzuia kwenye ncha zote mbili. Bila hizo, kibano kikilegea kidogo bunduki huteleza mpaka chini. Kama hazipo lakini matundu yenye hesi yapo, weka mwenyewe.
- Mifereji ya Picatinny iliyokatwa katikati ya uso wa chini. Reli mseto ya namna hii inapokea vifaa vya aina zote mbili, na kwa watu wengi ndiyo ununuzi wenye akili zaidi.
- Unene. Reli ya mm 38 × 10 yenye urefu wa mm 300 isiyotobolewa huwa gramu 250 hadi 300 ikiwa ya alumini. Iliyopunguzwa kwa matundu hushuka kwa robo hadi theluthi bila kupoteza ugumu unaouhisi.

Mchanga ndio adui wake. Chembe moja kwenye shavu la nyuzi 45 huinua upande mmoja wa bunduki. Brashi ndogo ya meno kwenye mkoba inamaliza shida hiyo.

M-LOK: ni msingi zaidi kuliko reli

Kampuni ya Magpul waliitoa mwaka 2014. Kinachofanya kazi ni tundu refu la mm 32 × 7 kwenye ukuta wa kishikio, na nati ya T inayoingia tunduni, inageuka nyuzi 90 na kubana ukuta kutoka ndani. Kishikio kinabaki laini, chepesi na chembamba pale ambapo hakuna kifaa. Kwa bunduki ya kubeba porini, hakuna kinachoishinda kwa uzito.

Kuna na KeyMod, ya mwaka 2012, yenye matundu yanayofanana na tundu la ufunguo. Majaribio ya kituo cha Crane cha jeshi la majini la Marekani, yaliyotangazwa mwaka 2017, yaliipa M-LOK ushindi: kifaa kilirudi mahali pake kwa usahihi zaidi baada ya kutolewa, na kiungo kilibeba mzigo mkubwa zaidi kabla ya kuvunjika. Ukikuta bunduki ya KeyMod iliyotumika si lazima uikimbie, ila usianze safari mpya na KeyMod leo.

Kwenye bunduki ya upepo, M-LOK ina mtego ambao wenzetu wa bunduki za baruti hawaufahamu: nyuma ya ukuta kuna silinda ya hewa. Nati ya T inahitaji nafasi ndani, na ncha ya skrubu inajitokeza zaidi ya nati. Skrubu iliyozidi urefu kwa mm 2 huigusa silinda, kwanza inakwaruza rangi, halafu inasukuma silinda juu kila unapokaza. Silinda ya shinikizo haitakiwi kuwa na mkwaruzo wowote wenye kina. Pima nafasi kabla hujaweka skrubu: ingiza kipande cha udongo wa kuchezea kupitia tundu, funga kishikio, kitoe, pima unene uliobaki. Kama nafasi iliyobaki baada ya skrubu haifiki mm 1, kata skrubu na ulainishe ncha kwa tupa.

Kosa jingine la kawaida ni nati isiyogeuka kikamilifu. Skrubu inakaza, mkono unahisi ugumu, lakini nati imelala kimshazari na inashika kwa pembe mbili tu. Legeza skrubu mzunguko mmoja, sukuma kifaa ndani, kisha kaza tena, na uchungulie kwa tochi kutoka ndani ukiweza. Kwenye vishikio vya plastiki fuata kipimo cha kukaza cha mtengenezaji bila kuongeza, maana ukuta huvimba kuzunguka tundu na haurudi.

Kishikio cha mbao hakiwezi kupewa M-LOK kwa kutoboa tu. Ukuta ni mnene mno kwa nati. Inabidi mbao ichongwe na bamba la alumini lizamishwe ndani yake, kazi ambayo gharama yake huzidi faida. Kwa mbao, chagua Picatinny, Arca au UIT.

UIT: ya wanaosimama

Ni mfereji wa umbo la T uliozamishwa chini ya kishikio, na kifaa huteleza ndani yake kisha hukazwa kwa skrubu moja. Jina limebaki kutoka enzi shirikisho la kimataifa la ulengaji lilipoitwa UIT, kabla halijawa ISSF mwaka 1998. Wengine huiita reli ya Anschütz. Bunduki nyingi za mashindano ya mita 10 hutoka kiwandani nayo, kwa hiyo swali lako huwa ni kama uibadilishe, na jibu ni usiibadilishe.

Kazi yake kuu hapo ni vipande vya kuinulia mkono na vizito. ISSF inaruhusu bunduki ya upepo ya mita 10 isizidi kilo 5.5 pamoja na vyote vilivyofungwa juu yake, na duara la kumi lina kipenyo cha mm 0.5. Kwa mlengaji wa namna hiyo, gramu 50 zikisogezwa sentimita 3 mbele zinaonekana kwenye mtikisiko wa mtutu. Mfereji usio na hatua unampa uhuru huo.

Tahadhari mbili. Kuna mifereji inayofanana na UIT kwa sura lakini yenye upana tofauti, hasa kwenye bunduki za zamani za Marekani, na nati ya moja haiingii kwenye nyingine au inaingia na kucheza. Pima mdomo wa mfereji na upana wa ndani, vyote viwili. Pili, midomo ya mfereji ni myembamba. Baipodi ndefu iliyofungwa kwa nati fupi ya T huifanyia midomo hiyo kazi ya wenzo, na alumini ikishapinda haikunjuki sawa. Ukitaka baipodi kwenye UIT, tumia nati yenye urefu wa angalau mm 40, au kipande cha Picatinny kinachoshikwa na nati mbili.

Kama bunduki ni ya springi

Usiiwekee reli ya baipodi. Pistoni ya springi husukuma bunduki nyuma kisha mbele kabla peleti haijatoka mtutuni, na kundi zuri (matundu yaliyokaribiana kwenye shabaha) hutegemea bunduki kuruhusiwa kusogea kwa namna ile ile kila mara. Ukiifunga kwenye miguu migumu, unabadilisha msogeo huo kila unapobadilisha sakafu: zege, nyasi na meza vitakupa alama tatu tofauti. Kiganja kilichofunguliwa au mfuko laini hufanya kazi bora kuliko reli yoyote. Fedha hiyo iende kwenye kishikio cha darubini chenye pini ya kuzuia, kwa sababu msukumo wa springi huivuta darubini nyuma kwenye reli ya juu ya mm 11.

Alumini ipi?

Matangazo hujivunia 7075-T6 dhidi ya 6061-T6. Nguvu zake ni tofauti kweli: 6061 huanza kupinda moja kwa moja karibu MPa 276, na 7075 karibu MPa 503. Lakini ugumu, yaani kiasi kinachonyumbuka chini ya mzigo mdogo, ni karibu sawa: GPa 69 na 72. Mzigo wa bunduki ya upepo haufiki hata karibu na kikomo cha 6061. Kwa hiyo 7075 haitakupa reli inayonyumbuka kidogo zaidi. Ugumu unapatikana kwa unene: kina cha reli kikiongezeka mara mbili, ugumu wake unaongezeka mara nane. Pale ambapo 7075 inalipa ni kwenye hesi ndogo na midomo ya kibano inayofunguliwa kila siku.

Reli za plastiki zinafaa kubebea tochi. Kwa baipodi hazifai, zinatambaa chini ya mzigo wa kudumu na skrubu hulegea bila kugeuka.

Upakaji mgumu wa anodi huongeza karibu mm 0.025 kila upande. Ni kidogo, lakini kwenye kibano cha wenzo kilichokuwa kimebana sana ndiyo tofauti kati ya kufunga na kutofunga. Usipige msasa reli. Rekebisha kibano.

Silinda inavimba, na reli haitakiwi kujua

Hili ndilo jambo tungependa kila mnunuzi alielewe kabla ya kufungua pochi. Silinda ya hewa hubadilika umbo kwa shinikizo. Chukua silinda ya alumini yenye kipenyo cha nje mm 35, ukuta wa mm 3 na urefu wa mm 400. Kutoka tupu hadi bar 250, hesabu inaonyesha kipenyo kinaongezeka karibu mm 0.05 na urefu karibu mm 0.1. Ni unywele mmoja. Lakini kama reli imeshikwa kwa bangili kwenye silinda na pia kwa skrubu kwenye kishikio, unywele huo hauna pa kwenda ila kupinda kitu. Na pembe ndogo huwa kubwa mbali: mm 0.05 kwenye urefu wa mm 100 ni sawa na mm 25 kwenye shabaha ya mita 50.

Dalili yake inajulikana. Alama ya risasi inapanda au kushuka pole pole kadiri shinikizo linavyopungua, hata kama kasi ya peleti kwenye kipima kasi haibadiliki. Watu hubadilisha regyuleta. Kosa ni la reli.

Kwa hiyo: reli inayofungwa kwenye silinda kwa bangili, kataa, isipokuwa mtengenezaji wa bunduki mwenyewe ndiye aliyeibuni hivyo. Reli inayofungwa kwenye mtutu, kataa bila mjadala. Na silinda haitobolewi kamwe, hata tundu la mm 1 la kushikilia tu. Hilo si suala la usahihi tena, ni la uhai.

Kufunga, hatua kwa hatua

Utahitaji spana ya torki ya 1 hadi 6 Nm, ufunguo wa alen wa kipimo sahihi, rula ya chuma, vernia, pombe ya kusafishia, gundi ya skrubu ya nguvu ya kati, na karatasi ya kawaida ya kuchapia, ambayo ina unene wa karibu mm 0.1.

Hakikisha bunduki haina risasi, iache bila hewa kwa njia iliyoelezwa kwenye kitabu chake, kisha toa mtambo (mtutu, silinda na kifyatulio kwa pamoja) kutoka kwenye kitako. Usifunge reli mtambo ukiwa ndani. Hutaona ncha za skrubu.

Laza rula chini ya kishikio. Kama mwanga unapita katikati, uso si sawa, na reli iliyonyooka itaupinda ukikaza. Weka reli, kaza skrubu ya mbele tu kwa vidole, kisha angalia ncha ya nyuma. Ikiinuka kiasi cha kupitisha karatasi, simama hapo. Tiba ni tabaka jembamba la epoksi chini ya reli: paka nta ya viatu au ya gari kwenye reli na ndani ya matundu ya skrubu, weka epoksi kwenye kishikio, laza reli kwa uzito wake bila kukaza, subiri saa 24, itoe. Sasa una kitanda kinachofanana nayo kabisa. Kazi hii ya jioni moja huleta tofauti kubwa kuliko kuhama kutoka Picatinny kwenda Arca.

Urefu wa skrubu: kwenye alumini, hesi iingie angalau mara moja na nusu ya kipenyo, yaani mm 7.5 kwa M5 na mm 6 kwa M4. Kwenye mbao, usikaze skrubu moja kwa moja kwenye nyuzi za mbao. Weka nati ya shaba ya kuzamisha, iliyotiwa epoksi. Skrubu ya mbao hushika vizuri mara tatu za kwanza, kisha tundu linakuwa unga.

Safisha hesi kwa pombe, weka tone moja la gundi, kisha kaza kuanzia skrubu ya katikati kwenda nje, mizunguko miwili: nusu ya nguvu kwanza, halafu nguvu kamili. Kwa M4 kwenye alumini lenga 2 hadi 2.5 Nm, kwa M5 4 hadi 4.5 Nm. Kwenye nati iliyozamishwa kwenye mbao, 2 Nm inatosha hata kwa M5. Kitabu cha reli kikisema tofauti, kitabu ndicho kinachofuatwa. Gundi za skrubu hupasua baadhi ya plastiki, kwa hiyo kwenye kishikio cha plastiki acha gundi na utegemee kukagua mara kwa mara. Chora mstari mwembamba wa rangi kutoka kwenye kichwa cha skrubu hadi kwenye reli. Mstari ukikatika siku moja, skrubu imegeuka.

Rudisha mtambo, jaza hewa, pitisha ukanda wa karatasi kati ya silinda na kishikio. Upite kuanzia mbele hadi karibu na skrubu ya mtambo, hewa ikiwa imejaa na tena ikiwa imepungua. Ukikwama mahali, kuna mguso.

Urefu, uzito na mlalo

Kipande cha mm 100 hadi 120 kinatosha kwa baipodi peke yake. Kwa stendi, reli inapaswa kufika chini ya kitovu cha uzito. Kitafute kwa kulaza bunduki, ikiwa na darubini na hewa, juu ya penseli nene, na weka alama. Kwenye bunduki nyingi za silinda alama hiyo huwa karibu na kifyatulio kuliko unavyodhani, na reli fupi ya mbele haifiki. Hapo ndipo reli ndefu inapostahili gramu zake.

Wapigaji wa mezani waangalie mizani kwanza. Madaraja ya WRABF, shirikisho la dunia la ulengaji wa mezani, ni kilo 4.76 kwa bunduki nyepesi na kilo 6.80 kwa nzito, na reli ya gramu 200 imewahi kuwa ndiyo inayovusha mstari. Reli inayojitokeza chini pia huharibu namna kishikio kinavyolala kwenye mfuko wa mbele. Kwa meza na mifuko, uso mpana ulio laini ni bora kuliko reli yoyote.

Reli ikikaa mshazari, bunduki nayo inataka kulala mshazari. Peleti inayotoka kwa mita 240 kwa sekunde hushuka karibu sentimita 25 chini ya mstari wa mtutu kufikia mita 50, kwa hiyo kila nyuzi 1 ya mlalo huipeleka pembeni milimita 4 na kitu. Baipodi yenye shingo inayogeuka hurekebisha hilo. Baipodi ngumu haiwezi, na hapo pima maji ndogo kwenye darubini ni lazima.

Ukinunua na reli ya juu

Kile kinachoitwa mkia wa njiwa wa mm 11 kwenye bunduki za upepo hutofautiana, kuanzia mm 9.5 hadi zaidi ya 13, na pembe za mashavu nazo si moja. Adapta ya kwenda Picatinny ni lazima iwe ya bunduki yako kwa jina. Adapta yenye mwinamo wa MOA 20 (dakika 20 za pembe) husogeza mstari wa darubini sentimita 29 kwenye mita 50. Inafaa kwa mita 75 na kuendelea. Kwa mita 10 hadi 25 inaweza kukumalizia marekebisho ya darubini upande wa pili, ukabaki hushuki hadi sifuri.

Jaribio la kuamua kama ibaki

Kabla ya kufunga reli, piga makundi matano ya risasi tano kwa umbali wako wa kawaida, kwenye mfuko. Baada ya kufunga, rudia kwenye mfuko ule ule, peleti zile zile. Makundi yakikua, reli inavuta kishikio: legeza skrubu zote na upige tena. Yakirudi kama zamani, umepata mkosaji, na dawa ni epoksi.

Halafu weka baipodi au stendi. Lenga, kisha egemeza bega kwa nguvu tatu tofauti bila kufyatua, ukitazama msalaba wa darubini. Ukisogea na kurudi, hiyo ni kunyumbuka kwa kawaida, sogeza baipodi nyuma sentimita chache ipungue. Ukisogea na usirudi, kuna kiungo kinachoteleza: anza na kibano, kisha skrubu za reli, mwisho skrubu za mtambo. Toa kifaa na ukirudishe mara tano, risasi moja kila mara. Picatinny iliyosukumwa mbele na Arca iliyo safi zinapaswa kukupa kundi lisilozidi lile la kawaida kwa kiasi kinachoonekana. Kaza skrubu zote upya kwa spana ya torki baada ya risasi 200 za kwanza, kisha tazama ile mistari ya rangi kila unapojaza hewa.